Uvimbe wa shingo una mahali pake: uzi wa tezi za mate na tezi za limfu

#1 tabibu wa Rau

Wakuu, heshima kwenu. Humu haipiti wiki bila mtu kuleta picha ya shingo yake, "jamani nimeota kitu hapa, ni nini?" Kabla hajakaa vizuri ameshapewa majibu kumi: paka mafuta ya taa, chemsha mwarobaini, umetupiwa, ni kansa hiyo, nenda kakate kimeo. Hakuna hata mmoja anayemuuliza: kiko wapi hasa? Mimi nafanya kazi ya kinywa na meno hapa Moshi, na mahali ulipo uvimbe ni nusu ya jibu. Nitaandika kwa kirefu, mwenye haraka aruke.

Chini ya ngozi ya uso na shingo kuna tezi za aina mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku. Kuna za mate, ambazo kazi yake ni kutengeneza kitu na kukimwaga kinywani. Na kuna za limfu, ambazo hazimwagi chochote, zinachuja.

Tuanze na za mate. Kubwa ni tatu kila upande. Ya kwanza ni parotidi, gramu 25 hivi, inakaa mbele ya sikio na kushuka mpaka nyuma ya pembe ya taya. Weka vidole shavuni halafu uma meno kwa nguvu. Ule msuli unaotuna ni wa kutafunia, na parotidi imeulalia kwa nyuma. Usiachie meno. Telezesha ncha ya kidole juu na chini kwenye ukingo wa mbele wa huo msuli, upana wa kidole kimoja chini ya mfupa wa shavu. Kuna kitu chembamba kinakukwepa chini ya kidole. Huo ndio mrija wa parotidi, una sentimita 5 hivi, unavuka juu ya msuli, unazama ndani ya shavu na kutokea kinywani mkabala na gego la pili la juu. Chukua kioo na tochi ya simu, vuta shavu, utakiona kinundu kidogo cha nyama. Kikaushe kwa pamba, kisha kandamiza shavu kutoka sikioni kuja mbele. Tone la maji meupe litachungulia. Likichungulia usaha, umeshajua tatizo liko wapi kabla hujalipia kipimo chochote.

Ya pili iko chini ya taya, upande wa nyuma. Imeukumbatia ukingo wa nyuma wa msuli unaotengeneza sakafu ya kinywa, sehemu kubwa ikiwa chini ya msuli na kipande kidogo juu yake. Mrija wake unakwenda mbele na juu, unatokea chini ya ulimi, pembeni ya ule ugozi unaoufunga ulimi. Inua ulimi mbele ya kioo, utaona vitundu viwili, kimoja kulia kimoja kushoto. Fikiria ndimu uone vinavyobubujika. Ya tatu iko chini ya ulimi wenyewe, ndogo, ina mirija mingi mifupi. Juu ya hizo kuna tezi ndogondogo 600 mpaka 1,000 zilizotapakaa midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa.

Zote kwa pamoja zinatoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Ukiwa umetulia, sehemu kubwa ya mate inatoka chini ya taya. Ukianza kutafuna, parotidi ndiyo inachangamka. Ukilala karibu zote zinasimama, ndiyo maana soda ya usiku inaozesha meno kuliko ya mchana.

Sasa limfu. Damu inapozunguka, maji kiasi yanavuja kwenda katikati ya nyama, na lita 2 hadi 4 hivi kwa siku hurudi kwenye damu kupitia mishipa ya limfu. Mishipa hiyo haina moyo wa kuisukuma, inategemea valvu na misuli yako unapojongea. Njiani imewekewa tezi, na karibu 300 kati ya zote za mwilini ziko shingoni. Waliokulia Kibosho, Machame au Marangu hawahitaji maelezo marefu hapa. Mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, ukianza kuleta maji machafu shambani, huzoi tope la mbele ya mgomba wako ukaona umemaliza kazi. Unapanda na ukingo mpaka uone nani kaangusha nini huko juu. Tezi ya limfu iliyovimba mara nyingi yenyewe haina kosa, kosa liko juu yake.

Kwa hiyo mtoto akiletwa na vinundu kisogoni, mimi siishikilii shingo, natazama nywele: mapunye, chawa, mkwaruzo wa mashine ya kinyozi. Ngozi ya kichwa ya nyuma inamwaga pale. Chini ya taya kunamwaga meno mengi, fizi, mashavu, pua na ubavu wa ulimi. Katikati chini ya kidevu ni ncha ya ulimi, katikati ya mdomo wa chini na meno ya mbele ya chini. Kwenye pembe ya taya, kidogo chini yake, kuna tezi moja maarufu ya mafindofindo. Hiyo ndiyo mama yako alikuwa anaibonyeza ukilalamika koo. Zote hizo mwisho wake zinashuka kwenye mnyororo mrefu unaofuata mshipa mkubwa wa damu wa shingo, mpaka juu ya mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega.

Mbele ya sikio pana mtego. Tukiwa tumboni mwa mama, parotidi huchelewa kujifunga ganda lake, kwa hiyo humeza tezi za limfu ndani yake. Ya chini ya taya huwahi kujifunga, haina tezi ndani. Maana yake uvimbe wa parotidi unaweza usiwe wa mate hata kidogo, ukawa umetoka kwenye ngozi ya paji, kope au kichwa. Ndugu zetu wenye ualbino walisikie hili: kidonda cha jua kisichopona usoni au kichwani, pamoja na uvimbe mbele ya sikio, si vya kusubiri mwezi ujao. Mafuta ya Kilisun yalianzia hapahapa Moshi, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC. Yatumieni.

Nimechoka kuandika. Ulizeni.

#2 Chalii wa Ngarenaro

Mkuu umetisha. Nimejaribu hiyo ya kuuma meno nikiwa kwenye hiace ya Sakina, konda akaniuliza kama nina hasira naye. Ila mrija nimeupata!

Swali: nina kinundu chini ya taya tangu form two, hakiumi, kinateleza, kama sentimita moja kasoro. Nife au nisife?

#3 tabibu wa Rau

Hufi. Tezi ya limfu iliyofanya kazi kwa miaka inaweza kubaki ikishikika daima, hasa chini ya taya, kwa sababu kinywa hakiishiwi vurugu. Ndogo, laini, inateleza, haiongezeki: iache. Ila fungua mdomo uangalie gego la upande huo. Nina uhakika wa kutosha kwamba lina shimo.

#4 Chalii wa Ngarenaro

Lina shimo. Wewe mchawi.

#5 mama pacha

Kaka tabibu habari za kazi. Nina mapacha wa miaka 6, tuko Pasua. Kulwa kaamka juzi shavu la kushoto limevimba, jana likafuata la kulia, homa ipo, kula shida. Mama mkwe kasema matubwitubwi, akampaka masizi ya sufuria na kumfunga kitambaa. Mtoto ni wa kiume na huku wanasema yakishuka hatazaa. Nifanyeje? Na Doto hana kitu mpaka sasa.

#6 tabibu wa Rau

Salama dada yangu, pole na kuuguza.

Mama mkwe jina la ugonjwa kalipatia. Simama nyuma ya mtoto utazame masikio yake: kama ndewe zimeinuliwa na kusukumwa nje, na pembe ya taya imepotea huioni, hiyo ni parotidi. Tezi ya limfu ikivimba inakaa chini ya taya au nyuma yake, pembe inabaki ikionekana. Mpe kitu kichachu kidogo. Akilia, ujue virusi vimeikalia tezi ya mate, kwa sababu uchachu unailazimisha kutoa mate na mrija umevimba.

Masizi hayamdhuru, hayamsaidii pia. Kitambaa kama anakipenda kiache, kisibane tu. Mpe paracetamol kwa uzito wake, uji, mtori uliopoa, maji kwa wingi. Machungwa na ukwaju weka pembeni kwa sasa. Antibayotiki haina kazi hapa, duka la dawa wakikuuzia wamekula hela yako. Nenda hospitali haraka ukiona shingo imekakamaa, anatapika mfululizo, anasinzia kupita kiasi, au tumbo linauma sana, maana virusi hivi mara chache huingia kwenye utando wa ubongo na kongosho.

Hilo la kushuka lina ukweli ila limevutwa. Kwa wanaume waliokwisha balehe, kati ya 15 na 30 katika kila 100 wanaweza kuvimba korodani, na hata hao wengi wanavimba upande mmoja na wanazaa vizuri tu. Mtoto wa miaka 6 karibu hana hofu hiyo. Baba yao je, aliwahi kuugua? Kama hajawahi, yeye ndiye wa kukaa mbali na vikombe vya Kulwa.

Msijiulize "mbona alichanjwa". Chanjo ya surua na rubela iliyoanza Tanzania mwaka 2014 haina matubwitubwi ndani yake. Doto msubiri: kati ya kuambukizwa na kuvimba huwa kunapita siku 16 hadi 18, wakati mwingine mpaka 25.

#7 Kisusio

Tabibu mimi sikusoma mambo haya ila nauza supu ya kichwa Kijenge, hivyo kichwa nakijua kwa kisu. Mbuzi akishachunwa, kati ya sikio na taya kuna kinyama cha vijipande vijipande vilivyoshikana, waridi iliyofifia, si mnofu na si mafuta, ukikipitisha kisu hakina nyuzi. Hiyo ndiyo parotidi yako?

Halafu kuna vingine vya mviringo, vya kijivu, vigumu kidogo, nyuma ya taya na kooni. Machinjioni mkaguzi akishika kichwa cha ng'ombe anavikata hivyo kimoja kimoja, anatazama ndani, ndipo agonge muhuri. Miaka yote naona anatuchelewesha.

#8 tabibu wa Rau

Kisusio, wewe ungepita mtihani wa vitendo bila kusoma. Cha vijipande ndiyo parotidi. Vya kijivu ni tezi za limfu, na mkaguzi hakucheleweshi. Anatafuta kifua kikuu cha ng'ombe. Mnyama akikivuta au kukila, chembe zinakwama kwenye tezi za koo na taya kwanza. Ndani panakuwa na uji wa manjano uliokauka, wakati mwingine na chokaa inayokwaruza kisu. Binadamu akinywa maziwa mabichi ya ng'ombe huyo, naye shingo yake ndiyo inatangulia kuvimba. Chemsheni maziwa, hata kama babu alikunywa mabichi akafika miaka 90.

Na kwa kuwa umetaja kichwa, nikusimulie. Mwaka 1660 kijana wa Denmark aitwaye Niels Stensen, wengi wanamwita Steno, alikuwa Amsterdam anajifunza udaktari. Alinunua kichwa cha kondoo akakipasua peke yake chumbani. Akaingiza kijiti chembamba cha chuma kwenye mrija alioukuta shavuni, kikateleza, kikagonga jino: ti! Hakuna kitabu cha mwalimu wake kilichokuwa kimeuandika mrija huo. Mwalimu, Gerard Blasius, akadai ni ugunduzi wake, wakagombana mpaka kwenye maandishi, lakini mrija umebaki na jina la Stensen. Ule wa chini ya taya ulikuwa umeshaelezwa na Mwingereza Thomas Wharton mwaka 1656.

Watu wa Moshi mtapenda mwisho wake. Stensen alizaliwa Mlutheri, akahamia Ukatoliki, akawa askofu, na Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza Mwenye Heri mwaka 1988. Msianze ubishi wa madhehebu kwenye uzi wangu.

#9 Kisusio

Tumeshaanza 😂 Mlutheri wa Machame hapa jirani yangu anasema mrija ulivumbuliwa kabla hajahama, kwa hiyo ni wa kwetu.

#10 mzee wa Uru

Wanangu, hamjambo. Mimi shida yangu ni ya ajabu. Nikikaa mezani, kijiko cha tatu cha mtori, chini ya taya upande wa kulia panavimba kama nimeficha yai. Panauma, panabana. Baada ya saa moja pananywea. Kesho hivyohivyo. Nimeambiwa ni jino, likang'olewa, bado. Nikaambiwa ni sumu.

#11 tabibu wa Rau

Shikamoo mzee wangu. Sumu gani hiyo inayosubiri mtori uive?

Uvimbe unaopanda kwa chakula na kushuka baada ya chakula ni mrija ulioziba, na kinachoziba mara nyingi ni kijiwe cha kalisi. Zaidi ya vijiwe 8 katika kila 10 vya tezi za mate vinakuwa kwenye ile ya chini ya taya. Sababu ziko tatu na zote zinaonekana ukiutazama mwili wenyewe. Mate yake ni mazito kuliko ya parotidi. Yana kalisi nyingi zaidi. Na mrija wake unapanda mlima: tezi iko chini, tundu liko juu mbele, mate yanakaa njiani.

Nawa mikono, ingiza kidole kimoja chini ya ulimi upande wa kulia, vidole vya mkono mwingine viwe nje chini ya taya, kisha vikutanishe taratibu ukitoka nyuma kuja mbele. Ukikutana na kitu kigumu, umekipata. Kunywa maji ya kutosha, nyonya kipande cha ndimu, na kanda tezi kutoka nyuma kuelekea kidevuni wakati wa kula. Vidogo vinatoka vyenyewe. Kisipotoka, nenda kwenye kliniki ya kinywa yenye eksirei. Wanapiga picha ya sakafu ya kinywa, na kijiwe kikiwa mbele kinatolewa kwa ndani bila kugusa shingo. Usikubali mtu akukate kwa nje kienyeji. Pembeni mwa ukingo wa chini wa taya unapita mshipa wa fahamu wa kushusha mdomo wa chini, ukikatwa mdomo unapinda. Na ukiona homa, usaha chini ya ulimi, au sakafu ya kinywa inainuka mpaka ulimi unakosa nafasi, usingoje asubuhi.

#12 Kipara Ngoto

Nyie wasomi mnapenda kutisha watu. Kikohozi cha watoto dawa yake ni kukata kimeo, mimi nilikatwa na niko hapa. Na uvimbe wa shingo Arusha unajulikana, ni maji yetu, ndiyo hayohayo yanayotutia meno kahawia. Hamuandiki hayo kwa sababu hayamo vitabuni.

#13 tabibu wa Rau

Yamo vitabuni, mkuu, tena na jina la mkoa wako.

Meno ya kahawia ni floraidi ya maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Meru. Inaharibu jino likiwa bado linaumbwa ndani ya taya ya mtoto, na ikizidi sana inapinda mifupa. Tezi za mate haizivimbishi. Uvimbe wa katikati ya shingo, mbele, ule unaopanda na kushuka ukimeza mate, ni rovu. Hiyo ni tezi nyingine kabisa, imeshikana na kikoromeo ndiyo maana inapanda nacho, na kwa miaka mingi milimani chanzo chake kilikuwa ukosefu wa madini joto. Simama mbele ya kioo na glasi ya maji, meza, utazame. Cha limfu hakipandi.

Kimeo ni kipande cha kaakaa laini. Kina misuli, na kina tezi za mate nyingi sana kwa udogo wake. Kinasaidia kuziba njia ya pua unapomeza. Mtoto akikohoa kooni kote panavimba, kimeo nacho kinashuka kidogo, mtu anachungulia na kukiona, anakihukumu. Kikikatwa, kikohozi kilichokuwa kiishe chenyewe kinaisha, na mkataji anapata sifa. Wanaotokwa damu usiku kucha, wanaopata pepopunda kwa kisu kichafu na wanaoanza kuongelea puani hawaji humu kutoa ushuhuda.

#14 Kipara Ngoto

Sikubali la kimeo. La rovu nimelijaribu, langu halipandi.

#15 mwaka wa pili

Tabibu shikamoo. Nasoma udaktari hapa Moshi, tuna mtihani wa kichwa na shingo na kuna kitu hakiniingii. Mshipa wa fahamu wa saba, wa uso, unapita ndani ya parotidi na kugawanyika humo matawi matano. Lakini kitabu kinasema parotidi inaamrishwa na wa tisa. Kwa nini apite ndani ya nyumba asiyoitawala?

#16 tabibu wa Rau

Marahaba. Usijaribu kuutafutia haki, utafute njia.

Wa saba unatoka kwenye fuvu chini ya sikio, na parotidi imekua ikauzungukia. Unapita tu: paji, jicho, shavu, ukingo wa taya, shingo. Ndiyo maana daktari wa upasuaji anayetoa uvimbe wa parotidi anatumia muda mwingi kuutafuta mshipa kuliko kuutoa uvimbe. Na ndiyo maana uvimbe wa parotidi unaokuja na uso kupinda unatia wasiwasi. Uvimbe mwingi wa parotidi, kama 8 katika 10, si saratani, na huo mwema unausukuma mshipa pembeni bila kuunyamazisha. Kadiri tezi inavyokuwa ndogo, ndivyo uwezekano wa saratani unavyopanda. Kinundu cha kaakaa usikidharau kwa udogo wake.

Amri ya mate ya parotidi inatoka wa tisa, inapita kwenye sikio la kati, inafika kwenye kituo cha neva kiitwacho ganglioni ya otiki chini ya fuvu, kisha inadandia mshipa wa mbele ya sikio hadi kwenye tezi. Za chini ya taya na chini ya ulimi zinaamrishwa na wa saba huohuo, kwa tawi linaloitwa korda timpani, nalo linakatiza sikio la kati nyuma ya ngoma kabla ya kuungana na mshipa wa ulimi. Unaona? Amri za tezi zote tatu zinapita sikioni. Mgonjwa wa sikio linalotoa usaha miaka, au aliyefanyiwa upasuaji wa sikio, akikwambia chakula kimepoteza ladha upande mmoja, usimwone mlalamishi.

La mtihani, maana wanalipenda: baada ya upasuaji wa parotidi, nyuzi za mate zilizokatwa huota upya na kupotea njia, zikafika kwenye tezi za jasho. Mtu anakula, shavu linalowa jasho. Mpolandi Łucja Frey alilieleza mwaka 1923.

#17 Binti Kaloleni

Samahani kwa kuchelewa uzi. Baba mdogo ana miaka 58, ana kinundu juu ya mtulinga wa kushoto, ndani ya kile kishimo. Kigumu, hakiumi, hakisogei. Amepungua, anasema chakula hakipiti vizuri, anashiba haraka. Duka la dawa wamempa sindano za tezi. Shingo nyingine iko safi kabisa.

#18 tabibu wa Rau

Dada, hapa naomba usisome kwa utulivu kama wengine. Mpeleke wiki hii.

Limfu yote ya miguu, tumbo, kifua cha kushoto na mkono wa kushoto inakusanyika kwenye mfereji mmoja unaopanda kifuani na kumwaga kwenye vena pale kwenye mkutano wa shingo na bega la kushoto. Upande wa kulia unahudumia nusu ya kulia ya kichwa, mkono wa kulia na kifua cha kulia tu. Kwa hiyo kinundu cha kushoto juu ya mtulinga, bila kingine shingoni, kinaweza kuwa kimetumwa kutoka tumboni. Mjerumani Rudolf Virchow alilisema hili mwaka 1848 akizungumzia saratani ya tumbo. Sijasema ni hiyo. Kifua kikuu na saratani ya limfu navyo vinaweza kukaa pale. Nasema kinundu hiki hakitibiwi kwa sindano za kubahatisha. Mwambieni daktari maneno mawili: kishimo cha kushoto, na kushiba haraka. Anatakiwa kuchukua sampuli kwa sindano nyembamba na kupeleka mpira wa kamera tumboni.

#19 Ugali Dona

Na sisi wa tezi zilizopasuka? Mdogo wangu, Unga Limited, zilianza tatu upande mmoja zikashikana, haziumi, zikalainika, mtu akazitumbua. Mwezi wa pili panatoa maji hapafungi.

#20 tabibu wa Rau

Kwa maelezo hayo, kifua kikuu cha tezi ndicho cha kwanza kupimwa. Zinashikana, hazina joto la jipu, zinalainika, na zikitumbuliwa zinaacha tundu lisilofunga. Anaweza asikohoe kabisa. Kama mapafu yake ni salama hamwambukizi mtu kwa kukaa naye, msimtengee sahani. Aende kliniki ya kifua kikuu ya hospitali yoyote ya serikali, dawa ni bure, ni za miezi 6, na atapimwa VVU hapohapo. Kesi ngumu za kanda hii zinafika hospitali ya Kibong'oto kule Siha. Wiki za mwanzo za dawa tezi zinaweza kuvimba zaidi, wengi wanaacha dawa hapo. Asiache.

Mwenye mtoto ambaye taya lenyewe linavimba kwa kasi na meno yanalegea, hiyo si habari ya tezi hizi. Ni saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliielezea akiwa Kampala mwaka 1958, inakua maradufu kwa siku chache, na inasikia dawa vizuri ikiwahiwa. Usiku huohuo mpeleke hospitali.

#21 mzee wa Uru

Kijana, kimetoka. Nilikuwa nanyonya ndimu, nikasikia kitu kama mchanga ulimini. Kidogo kuliko punje ya mchele, cha manjano. Mtori umeliwa sahani mbili.

#22 tabibu wa Rau

Hongera mzee wangu. Kapige picha hata hivyo, wakati mwingine vijiwe vinakuwa viwili.

#23 mama pacha

Kaka, Kulwa kapona. Doto kaanza jana, shavu moja. Mwalimu anauliza lini arudi shule.

#24 tabibu wa Rau

Siku 5 kamili tangu shavu lianze kuvimba, hata kama upande wa pili utafuata baadaye. Mwambie mwalimu awaangalie waliokaa naye dawati moja, kwa sababu mtoto huanza kuambukiza siku kama mbili kabla ya kuvimba. Baba yao umemuuliza?

#25 mama pacha

Anasema aliugua akiwa darasa la tatu Kiboriloni, na alipakwa masizi.

#26 tabibu wa Rau

Basi ndiye atakayemlisha Doto uji.